Historia ya Injini Moja ya Bulengera

Tukilisikia neno historia, wengi wetu hufikiri mara moja habari za wafalme, vita, na tarehe za kukariri shuleni. Lakini historia hukaa pia katika vyombo vya kazi: katika jembe lililolika, katika jiwe la kusagia, katika nyundo ya mhunzi. Leo twataka kuwasimulia historia tuliyoisoma ndani ya chuma, yaani ndani ya injini ya gari la zamani ambayo tuliifungua na kuijenga upya uani, hapa Bulengera, mjini Butembo.

Sisi si mafundi wa magari. Tulisoma miaka kadhaa seminarini, kisha tukapewa kazi ya katekista, na mikono yetu ilizoea chaki na kitabu kuliko spana. Kilatini kilitufundisha ya kuwa neno "motor" maana yake ni mwenye kusogeza, nalo ndilo neno ambalo watu wa kwetu wamelifanya "motere". Zaidi ya hapo hatukujua kitu.

Gari chini ya mparachichi

Gari lenyewe ni Land Rover ya miaka ya 1960. Lilikuwa mali ya mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyeishi maisha yake yote kwa kazi ya udereva. Mzee huyo alipofariki, gari lilibaki nyuma ya nyumba chini ya mparachichi. Kuku walitaga mahali pa abiria, na majani yakaota katikati ya magurudumu.

Siku moja wanunuzi wa vyuma chakavu walifika wakiwa na mizani. Mjane wa marehemu alihitaji fedha, kwa maana mjukuu wake, kijana wa miaka 17, alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo, naye alikwisha kusema wazi ya kuwa ataondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Mama akatuita tuwe mashahidi wa mapatano, kama ilivyo desturi kumwita mwalimu wa dini.

"Mwalimu," akasema, "watu hawa wataka kulikata vipande vipande. Sema wewe uliyesoma: hili ni chuma tu, au bado ni gari?"

Tulinyamaza, maana jibu hatukuwa nalo. Tukamwomba atupe muda hadi Pasaka. Wanunuzi wakakunja mizani yao, wakasema watarudi. Nasi tukaenda kumtafuta kijana mmoja fundi wa garaji, Mkristu wa mtaa wetu, tukamwomba aje kutusaidia jioni na siku za Jumamosi. Mjukuu tukampa kazi ya kuosha vyuma. Hivyo tukawa watu watatu, na karakana yetu ilikuwa mabati manne juu ya nguzo sita.

Injini ni kitu gani?

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze kidogo jinsi injini inavyofanya kazi, ili kila msomaji atufuate.

Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya mapigo manne. Ndani yake mna silinda, yaani tundu la mviringo lililonyooka kama ndani ya mwanzi, na ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Pigo la kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na mafuta, kama mivuo ya mhunzi inavyovuta hewa. Pigo la pili, hupanda na kuibana hewa ile. Pigo la tatu, cheche huiwasha, na moto wake huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pigo la nne, hupanda tena na kuutoa moshi. Katika mapigo manne ni moja tu lenye kuleta nguvu. Matatu mengine ni ya kutayarisha na kusafisha.

Mwaka 1886 Karl Benz alipata hati ya serikali kwa ajili ya gari lake la magurudumu matatu lenye injini ya namna hiyo. Lakini watu walilicheka, na hakuna aliyetaka kulinunua. Basi mwezi wa Agosti mwaka 1888, mkewe, Bibi Bertha Benz, aliondoka na wana wao wawili bila kumwambia mumewe, akasafiri na gari hilo kutoka Mannheim hata Pforzheim, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Njiani alinunua mafuta katika duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipokwisha, alimwomba fundi viatu azivike ngozi. Tazameni basi: safari ndefu ya kwanza ya motakaa duniani ilikuwa pia safari ya matengenezo, nayo ilifanikiwa kwa mikono ya mama wa nyumbani na fundi viatu. Tangu mwanzo gari halikuwa kitu cha wenye shule kubwa peke yao.

Magari yalivyofika kwetu

Zamani za babu zetu, kila mzigo ulikwenda juu ya kichwa cha mtu. Mwaka 1889 msafara wa Stanley ulipita bonde la Semliki, chini ya milima ya Ruwenzori, na mizigo yake yote ilibebwa na wapagazi. Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu waliotoka Stanleyville, na Mapadre Waasumpsio waliofika pande za Beni mwaka 1929, nao pia waliyajua milima yetu kwa miguu. Mgonjwa alibebwa kwa machela, na kama alikuwa mbali, mara nyingi wachukuzi waligeuka nyuma wakiwa wamebeba maiti.

Hali hiyo haikuwa ya kwetu tu. Kusini-Magharibi mwa Afrika, katika nchi iitwayo leo Namibia, mwaka 1925 Padre Otto Fuhrmann alifariki kwa ugonjwa, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwa daktari. Rafiki yake Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alihuzunika sana. Mwaka 1927 alianzisha huko Ujerumani chama cha MIVA, ambacho kazi yake ni kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege. Kwa hiyo injini katika misheni haikuletwa kwa fahari. Ililetwa kwa sababu ya kifo cha mtu aliyechelewa kupata msaada.

Lakini tusiisahau mikono iliyoandaa njia. Gari lisingaliweza kupita bila barabara, na barabara za milima yetu zilichimbwa kwa majembe, makoleo na vikapu. Wengi waliozichimba hawakwenda kwa hiari yao, bali waliamriwa na serikali ya Wabelgiji. Kila tunapopanda mlima ndani ya gari, magurudumu yetu yapita juu ya jasho la babu zetu, nao wengi wao hawakupata hata mara moja kukaa ndani ya gari.

Land Rover yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia shambani kwake jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Akafikiri kutengeneza gari la namna hiyo kwa wakulima. Chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza wakati huo, kwa hiyo mwili wa gari ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948. Mwaka 1958 likapewa injini mpya ya petroli, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Injini ya gari la mzee wetu ni ya aina hiyo. Na ndiyo sababu, tulipoondoa kinyesi cha kuku, tuliona mwili wa gari haukushikwa na kutu, ingawa mifupa yake ya chini ilikuwa imeshikwa vibaya.

Mzee alivyolipata, na alivyolificha

Mambo haya tulisimuliwa na mjane, akiwa ameketi juu ya kigoda akitutazama tukifanya kazi.

Mume wake alikuwa kijana mwaka 1964, vita vya Simba vilipofika Beni na Butembo. Aliona kwa macho yake magari yakinyang'anywa na wapiganaji, yakiendeshwa bila mafuta ya injini wala maji, mpaka yakafia njiani. Jambo hilo hakulisahau kamwe.

Baadaye aliajiriwa kuendesha gari la mfanya biashara mmoja mgeni. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza ya kuwa maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazairi. Mgeni yule akaenda zake. Mwenye mali mpya hakupata vipuri, maana nchi nzima vipuri vilianza kuadimika, na gari lilipomchosha, akamwuzia dereva wake kwa bei ndogo. Tangu hapo mzee alilitunza mwenyewe. Alipeleka maharage na kabichi sokoni, alirudisha chumvi na sabuni, na mara nyingi, usiku, alibeba akina mama wenye uchungu wa kuzaa. Barabara za nchi zilizidi kuharibika mwaka hata mwaka, lakini yeye aliendelea.

Kisha ukaja mwaka 1996. Vita vilianza Kivu, na mwisho wa mwaka ule askari wa Zaire waliokuwa wakirudi nyuma walipita miji yetu wakipora na kuchukua magari ili kukimbilia Kisangani. Mzee alisikia habari hizo siku chache kabla. Usiku mmoja alilisukuma gari nyuma ya nyumba, akatoa betri, akatoa magurudumu, akafungua sehemu ya mbele ya injini kwa taa ya koroboi. Asubuhi gari lilionekana kama mzoga. Askari walipofika, waliligonga kwa kitako cha bunduki, wakacheka, wakaenda zao.

"Nilimwuliza amefanya nini usiku," mama akasema. "Akanijibu: Nimelilaza usingizi. Amani ikirudi, nitaliamsha."

Amani aliyoingojea haikuja upesi. Mwaka 1998 vita vingine vilianza, tena vya muda mrefu, na mzee aliugua, akafa kabla hajaliamsha gari lake.

Tulichokikuta ndani

Tuliitoa injini kwa kamba na mti, kwa msaada wa majirani. Kila boliti tuliitia katika kopo lake, na kopo tukaliandika jina. Zile fimbo ndogo zinazosukuma valvu tulizichomeka katika karatasi ngumu kwa mpangilio wake, kwa maana fundi kijana alituonya: "Mwalimu, chuma kilichozoea mahali pake kikihamishwa huleta ugomvi."

Injini haikuzunguka hata kidogo. Tulidhani silinda zote nne zimeganda kwa kutu. Lakini tulipofungua mahali pa plagi, ambazo kwetu huitwa buji, tuliona jambo la ajabu. Katika matundu matatu mlikuwa na vitambaa vilivyosokotwa na kusindiliwa kwa nguvu, vimelowa mafuta mazito. Tukainua kichwa cha injini. Silinda ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zimefunikwa na mafuta. Baada ya miaka zaidi ya 20 hazikuwa na kutu. Silinda ya nne peke yake ilikuwa nyekundu kama udongo wa njiani, na juu ya pistoni yake mlikuwa na kiota kikavu cha panya. Kitambaa chake kiling'olewa na panya, na unyevu wa mvua ukapata mlango.

Basi tukaelewa. Usiku ule wa mwaka 1996, huku askari wakikaribia, mzee alikuwa amemimina mafuta katika kila silinda na kuziba kila tundu.

Tulimwita mama aje kuona. Alitazama muda mrefu, kisha akaingia nyumbani bila kusema neno. Akarudi na kopo la bati lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alilikuta chini ya kitanda siku ya mazishi, akaliweka bila kulifungua, akidhani ni vitu vya kazi visivyo na maana tena. Ndani yake, katika kitambaa kilichopakwa grisi, mlikuwa na kabureta nzima, na ile sehemu inayogawa cheche kwa silinda. Bila vitu hivyo hakuna askari ambaye angeliweza kuliwasha gari.

Mjukuu alilishika kopo lile kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo hakutuuliza tena habari za machimbo.

Mfano wa meli ya ziwa Tanganyika

Tendo la mzee lilitukumbusha habari nyingine ya Afrika yetu, ambayo tungependa msomaji aijue.

Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli huko Papenburg, wakaiita Graf von Goetzen. Waliifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam, na kutoka huko kwa reli hata Kigoma. Iliingia ziwani mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi sana. Tarehe 26 Julai 1916 ikashushwa chini ya maji, karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Wabelgiji waliinua meli ile, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, nao walipozifungua injini walizikuta bado zafaa kwa kazi. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilianza safari tena, ikiwa na jina jipya la Liemba. Injini zake za mvuke ziliendelea kufanya kazi hata miaka ya 1970, ndipo zikawekwa za dizeli.

Waliopaka grisi hawakuwa ndio waliofaidi. Maadui wao ndio waliofaidi, na baada yao watu wa Kigoma, wa Kalemie na wa Mpulungu, vizazi vingi. Vivyo hivyo mzee wa Bulengera hakuiona siku aliyoiandaa. Tofauti yao ni hii: wale walikuwa na amri ya jeshi na grisi ya serikali, huyu alikuwa peke yake, na mafuta aliyomimina ni yale aliyoyanunua kwa fedha ya maharage.

Kazi, na kosa letu

Pistoni ya nne ilitusumbua. Tulimimina mchanganyiko wa mazutu na mafuta ya injini, tukangoja siku 8. Kisha tuliifungua fimbo yake kwa chini, tukaweka kipande cha mti laini na kugonga polepole. Siku ya 9 ilisogea kwa unene wa ukucha. Tuligonga tena siku mbili, ikatoka.

Lakini kutu ilikuwa imekula ukuta wa silinda. Kipenyo cha silinda za injini hii kiwandani ni milimita 90.47, nayo yapaswa kuwa sawa kutoka juu hata chini. Yetu haikuwa sawa tena. Dawa ni moja: kuzichonga silinda zote nne kwa mashine ziwe pana zaidi kidogo, na kununua pistoni pana zaidi kwa kadiri ile ile. Basi bloku ya injini ilisafiri juu ya lori la maharage, ikapita mpaka wa Kasindi na Mpondwe, hata Kampala. Ilirudi baada ya majuma matatu, imechongwa nusu ya milimita, safi kama kikombe cha Misa. Mama aliuza mbuzi wawili, sisi tulitoa akiba yetu kidogo, na majirani wakachanga.

Valvu zilisagwa na mjukuu. Kazi hiyo huhitaji uvumilivu: valvu hupakwa dawa ya kusagia, huzungushwa kwa kijiti kati ya viganja huku na huku, kisha hujaribiwa kwa mafuta ya taa. Yakivuja hata tone, huanza upya. Valvu ni 8, naye alizifanya kwa siku sita bila kunung'unika.

Sasa hatuna budi kuungama kosa letu. Kichwa cha injini hufungwa kwa boliti nyingi, nazo hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa zamu, ili gasketi ilale sawa. Mwisho hukazwa kwa nguvu iliyo sawa na kuning'iniza kilo 9 kwenye ncha ya mkono wa spana wenye urefu wa mita 1. Kwa hiyo yahitajika spana maalum yenye kipimo. Spana hiyo tulikuwa tumeiazima, lakini ilikuwa haijafika. Ilikuwa Jumamosi Takatifu, na muda tuliopewa na mama ulikuwa unakwisha. Fundi kijana akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, labda tungoje." Sisi tukamjibu kwamba tumengoja vya kutosha. Naye, kwa kuwa sisi ni wakubwa wake na ni walimu wake wa dini, akanyamaza, akatii. Tulikaza kwa haraka, tukianzia mbele kwenda nyuma, kwa nguvu za mikono.

Injini iliwaka jioni ile, watu wakapiga vigelegele. Jumatatu ya Pasaka tulipotazama mafuta ya injini, yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Gasketi ilikuwa imeharibika, na gasketi ile ilinunuliwa kwa fedha ya mbuzi.

Tulimwomba kijana msamaha mbele ya mama na mbele ya mjukuu. Tulifahamu siku hiyo ya kuwa heshima ya mdogo kwa mkubwa ni kitu kizuri, lakini mkubwa akiitumia kuuziba mdomo wa mwenye kujua, huigeuza kuwa hasara. Tulinunua gasketi nyingine kwa mshahara wetu. Safari hii tulingoja spana, na kijana ndiye aliyetoa amri. Sisi tulishika taa.

Sauti

Siku ya pili ya kuwasha hatukuita watu. Mjukuu alichukua manivela, akaichomeka mbele ya gari, akazungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu injini ilikohoa, ikashika, ikanguruma, kisha ikatulia katika mlio wa sawasawa. Tuliiacha iende nusu saa, tukaizima, tukatazama mafuta. Yalikuwa safi.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza. "Hivyo ndivyo lilivyokuwa likirudi nyumbani," akasema. Kisha akatugeukia. "Mwalimu, sasa waweza kunijibu."

Tukamjibu, "Mama, ni gari."

Wanunuzi wa chuma walirudi, wakaambiwa hivyo hivyo, wakaenda zao.

Gari halikuondoa shida zote. Njia nyingi za nchi yetu zina hatari, na hatulipeleki mbali. Lakini mara mbili kila juma lashusha kabichi na viazi kutoka vilimani, na zaidi ya mara moja limefikisha mgonjwa hospitalini kwa wakati. Mjukuu analipwa kidogo kwa safari hizo, na siku nyingine hujifunza ufundi katika garaji ya yule kijana.

Mashauri mawili kwa wasomaji

La kwanza ni la ufundi. Wengi mna nyumbani injini iliyolala: ya gari, ya kinu, ya pikipiki. Msiiache wazi. Kabla ya kuilaza, mimineni mafuta katika silinda, zibeni matundu kwa nguvu, funikeni juu ili mvua na panya wasipate njia, na vitu vidogo mviweke pamoja katika kopo. Tena mwambieni mtu mahali kopo lilipo. Mzee wetu alifanya yote isipokuwa hilo la mwisho, na kidogo tu gari lake lingaliuzwa kwa kilo.

La pili si la injini peke yake. Katika nchi ambayo vita vimeondoka na kurudi mara nyingi, ni rahisi mtu kusema: kwa nini nitunze, ikiwa kesho vitachukuliwa? Usiku ule mzee alikuwa na sababu zote za kusema hivyo. Badala yake aliwasha koroboi, akatafuta chupa ya mafuta, akafunga kopo. Hakujua nani atalifungua. Kila mmoja wetu amekuta mahali fulani, ndani ya nyumba, shamba, shule au kanisa, kitu kilichopakwa mafuta na mtu asiyemjua. Yatupasa na sisi, kabla hatujalala, tuache kopo letu likiwa tayari.